Jojo ya PK ilitoka wapi, na kwa nini inang'ang'ania karatasi dukani

Swali: Nina duka dogo Mikindani, karibu na maji. Wateja wangu wengine husema jojo, wengine bazoka, wengine bigijii, na watu wazima husema PK hata kama wanataka ya aina nyingine. Juzi mzee mmoja alishikilia kwamba zamani jojo ilitengenezwa kwa utomvu wa mbungo, ule ule ambao babu zetu walikuwa wakiugema porini na kuupeleka Lindi kuuza. Ni kweli? Kampuni ya PK yenyewe ilianzaje? Na mbona boksi likikaa mwezi mmoja dukani, jojo zinashikana na karatasi zake?

Jibu: Mzee wako amepata nusu. Jojo kweli ilitoka kwenye utomvu wa mti, lakini mti huo si mbungo, na asili yake si huku. Kampuni ya PK nayo haikuanza na jojo. Ilianza na sabuni, ikahamia kwenye baking pauda, na jojo ikaja kama nyongeza tu, kitu cha kumvuta mteja anunue kingine. Wewe ambaye chenji ya shilingi hamsini ikikosekana unamwambia mteja achukue jojo, historia hii utaielewa upesi.

Mwenye kampuni aliitwa William Wrigley Jr. Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1861. Baba yake alikuwa na kiwanda cha sabuni ya kusugulia, na kijana alianza kwa kuizungusha mitaani kwenye kikapu, kisha akawa muuzaji wa safari, mji hadi mji, akiongea na wenye maduka. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 29, alihamia Chicago na dola 32 mfukoni, kazi yake ikiwa ile ile, kuuza sabuni ya baba.

Tatizo la sabuni lilikuwa faida. Mwenye duka alibakiwa na senti chache mno, hivyo hakuwa na sababu ya kuisifia mbele ya mteja. Wrigley akaanza kuwapa wenye maduka nyongeza: chukua sabuni, upate na baking pauda. Haukupita muda, wenye maduka wakawa wanaagiza sabuni kwa sababu ya pauda. Alipoliona hilo akaiacha sabuni, akauza pauda. Nayo pauda ikahitaji nyongeza yake, kwa hiyo mwaka 1892 kila kopo likatoka na pakiti mbili za jojo. Yakajirudia yale yale. Watu wakauliza jojo, pauda wakaiona mzigo.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Kugawa nyongeza hakukuwa ugunduzi wake, wafanyabiashara wengi wa Marekani walifanya hivyo. Alichokuwa nacho yeye ni sikio. Alipoambiwa kwamba nyongeza inapendwa kuliko bidhaa, aliitupa bidhaa, na alifanya hivyo mara mbili katika muda mfupi sana. Mara ya kwanza bidhaa aliyoiacha ilikuwa ya baba yake mzazi.

Jojo zenyewe wakati huo hakuzitengeneza yeye. Alikuwa akizinunua kwa kampuni ya Chicago iliyoitwa Zeno, akiziuza kwa jina lake, na mpaka mwaka 1911 ndipo alipoichukua Zeno ikawa yake. Majina mawili ya kwanza yalikuwa Lotta na Vassar. Hayakudumu. Mwaka 1893 yakafuata Juicy Fruit, yenye ladha ya matunda, na Spearmint, yenye ladha ya mnanaa. Juicy Fruit ipo hadi leo, na huenda unayo rafuni kwako.

Mwaka huo wa 1893 uchumi wa Marekani ulianguka vibaya. Miaka sita baadaye, 1899, watengenezaji wakubwa wa jojo waliungana wakawa kampuni moja, American Chicle, na Wrigley akabaki nje, mdogo, peke yake. Alichofanya ni kurudi kwa wenye maduka. Ukichukua jojo za kiasi fulani ulipewa mizani ya kaunta, au taa, au mashine ya kusagia kahawa. Fikiria mwenyewe: msambazaji akikwambia kwamba ukimaliza boksi kadhaa mizani ni yako, jojo zake utaziweka wapi? Utaziweka mbele, pale mkono wa mteja unapofika. Na jojo huuzwa hapo. Hakuna anayetoka nyumbani kwa nia ya kwenda kununua jojo. Huiona anaposubiri chenji.

Kisha akaingia kwenye matangazo. Mwaka 1907 biashara ziliyumba tena Marekani, wengi wakafunga mikono, na bei ya matangazo ikashuka. Wrigley akakopa dola 250,000, akanunua nafasi za matangazo ambazo kwa bei ya kawaida zingezidi dola milioni 1.5. Mwaka 1915 alikwenda mbali zaidi: akachukua vitabu vya simu vya Marekani na kutuma jojo za bure kwa posta kwa kila aliyeorodheshwa, watu wapatao milioni 1.5. Hesabu ilikuwa rahisi. Mtu mwenye simu wakati ule alikuwa na fedha, na jojo moja iliyomfikia nyumbani ilikuwa na bei ndogo kuliko maneno ya kumshawishi aijaribu.

Doublemint ilitoka mwaka 1914. PK ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1920, na ilikuwa tofauti kwa umbo. Zile za kwanza zilikuwa vipande bapa vilivyofungwa kimoja kimoja kwa karatasi. PK ni punje ndogo zilizovikwa ganda gumu la sukari. Kuhusu jina, yapo maelezo mawili yanayosimuliwa. Wapo wanaosema ni herufi za Philip K. Wrigley, mtoto wa mwenye kampuni, aliyekuja kuiongoza. Wengine husema ni maneno ya tangazo la Kiingereza lililosema kwamba jojo imefungwa barabara na imetunzwa vizuri, ambamo maneno mawili makuu huanza na P na K. Ukiniuliza mimi, la pili lina uzito kwa sababu linasifu ganda na ufungaji, na hilo ndilo lililokuwa jipya kwenye PK.

Sasa tuje kwenye utomvu, maana hapo ndipo penye ubishi wa mzee.

Kabla ya Wrigley, Wamarekani walitafuna utomvu mkavu wa misonobari, na nta ya parafini, ile ya mishumaa, iliyotiwa sukari. Mambo yalibadilika kwa mtu aliyeitwa Thomas Adams wa New York. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alipata utomvu wa Mexico uitwao chicle kupitia kwa Antonio López de Santa Anna, mtawala wa zamani wa Mexico aliyekuwa uhamishoni New York. Nia yao ilikuwa kuufanya mpira. Adams akajaribu magurudumu, akajaribu viatu vya mvua, akajaribu vitu vya kuchezea watoto. Vyote vilishindikana. Akageukia kuutafuna, kama Wamexico walivyokuwa wakifanya tangu zamani, na mwaka 1871 akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kutengeneza jojo.

Chicle hutoka kwenye mti wa msapota, unaoota kwa wingi katika misitu ya Yucatán kule Mexico, Petén kule Guatemala, na Belize. Tunda lake linajulikana hata Zanzibar, ambako mti huo hupandwa. Wagema wa chicle walifanya kazi wakati wa mvua, kwa sababu kiangazi utomvu hautiririki. Mgema hujifunga kamba kiunoni akaizungushia kwenye shina, kama anayepanda mnazi, na kwa panga hukata mifereji ya kupindapinda kulia na kushoto, kuanzia chini kwenda juu, ili utomvu mweupe ushuke kwa mteremko hadi kwenye mfuko uliofungwa chini ya shina. Akikata kwa kina kupita kiasi, mti hufa. Baada ya hapo utomvu huchemshwa kwenye sufuria kubwa huku ukikorogwa bila kuachwa, mpaka maji yapungue na uwe mzito wa kuvutika, kisha humiminwa kwenye kalibu ukawa matofali. Mti mmoja hutoa kilo moja hivi, na unahitaji kupumzika miaka kadhaa kabla ya kugemwa tena. Hesabu hiyo ya kilo moja na miaka ya kupumzika ndiyo iliyokuja kuiponza chicle, kama utakavyoona.

Na mbungo? Mzee hakukosea kukumbuka biashara ile. Mwishoni mwa karne ya 19 mpira wa mbungo uligemwa katika misitu na vichaka vya kusini, ukateremshwa pwani na kusafirishwa kupitia bandari za Kilwa, Lindi na Mikindani kwenu. Ila uliuzwa kwa viwanda vya mpira, na mpira ni kitu kingine. Utomvu wa mbungo ukiganda hutoa mpira mgumu wenye nguvu, unaovutika na kurudi. Ukiutafuna, taya zitachoka na wenyewe utabaki ulivyo. Chicle ni kinyume chake. Nyuzi zake ni fupi na zimechanganyika na ulimbo, ndiyo maana haikufaa kwa gurudumu la Adams, na ndiyo maana hulainika kwenye joto la mdomo na kukubali kugeuzwageuzwa na meno. Kwa maneno mengine, kilichoufanya mbungo utafutwe na wafanyabiashara wa mpira ndicho kinachoufanya usifae kutafunwa. Tena usimruhusu mtoto ajaribu, kwa sababu utomvu mbichi wa mpira una protini zinazowadhuru baadhi ya watu kwa mzio.

Huenda mtu akakuletea na habari ya gundi ya mkorosho, lile tonge la rangi ya asali linalotoka kwenye gome lililojeruhiwa. Hiyo nayo ni jamii nyingine kabisa. Ni gundi ya maji. Itie kwenye kikombe cha maji jioni, asubuhi utaikuta imevimba na kuwa uteute. Mdomoni itafanya vivyo hivyo, wakati jojo lazima ishindwe kuyeyuka kwa mate, la sivyo ni pipi. Na ganda la korosho lenyewe lisikaribie mdomo wa mtu, mafuta yake yanaunguza ngozi.

Chicle iliyumba wakati wa vita vya pili vya dunia. Wanajeshi wa Marekani walitiwa jojo kwenye vifurushi vya chakula chao, na Wrigley ilifanya uamuzi ambao kampuni chache zingethubutu kuufanya. Ilipokosa viungo bora vya kuwatosha wanajeshi na raia, iliondoa Spearmint, Doublemint na Juicy Fruit madukani Marekani ikazipeleka jeshini, na raia ikawauzia jojo ya daraja la chini kwa jina jingine, Orbit. Kisha ikatangaza kwa picha ya karatasi tupu ya Spearmint, ikiwaomba watu waikumbuke. Jina likaendelea kutangazwa wakati bidhaa haipo. Vita vilipokwisha watu walizirudia, na huku nyuma wanajeshi walikuwa wameisambaza jojo Ulaya na Asia, kokote walikopita.

Mahitaji yalipokua kiasi hicho, misapota ya Yucatán isingeweza kutosheleza. Utomvu mwingine kutoka Malaya na Indonesia, uitwao jelutong, ulikuwa umeangukia mikononi mwa Wajapani wakati wa vita. Viwanda vikahamia kwenye mpira wa maabara unaotokana na mafuta ya petroli. Kwa hiyo leo karibu jojo zote unazouza hazina utomvu wa mti, isipokuwa huenda ulimbo kidogo wa msonobari uliotengenezwa upya. Soma maandishi madogo kwenye boksi: utakuta sukari, sharubati ya glukosi, ladha, rangi, na neno moja la jumla linalomaanisha mpira wa jojo, bila kufafanua ni mpira gani. Chini ya neno hilo kuna mpira wa sintetiki unaoleta kuvutika, plastiki laini ya aina ya polivinili aseteti inayosaidia kushikana, nta kidogo ya kulainisha, na unga wa chokaa ya kiwandani wa kuipa uzito.

Kwa jojo ya sukari, mpira huo ni kama robo tu ya uzani. Sehemu kubwa, zaidi ya nusu, ni sukari, kisha sharubati, na ladha haizidi asilimia moja au zaidi kidogo. Kiwandani mpira huyeyushwa na kuchujwa, hutiwa kwenye mashine ya kukandia yenye mikono inayozunguka, sukari na sharubati huongezwa kwa awamu, na ladha hutiwa mwisho ili isipae kwa joto. Donge hubanwa na kupitishwa katikati ya rola mpaka liwe bapa, hunyunyiziwa sukari ya unga lisigande, hukatwa, na huachwa lipoe kwenye chumba kikavu kwa siku moja au mbili. Za aina ya PK huingia kwenye pipa linalozunguka na kumiminiwa shira ya sukari kidogo kidogo, huku hewa kavu ikipulizwa, tabaka juu ya tabaka, makumi ya mara. Lile ganda linalopasuka ukiuma mara ya kwanza ni hilo.

Muundo huu unajibu na swali ambalo watoto watakuuliza: mbona utamu unaisha? Sukari huyeyuka kwa mate ndani ya dakika chache. Mnanaa bado umo ndani ya mpira, ila ulimi hauuhisi vizuri sukari ikishaondoka. Chukua jojo uliyoiona imekwisha ladha, lamba sukari kidogo kisha uitafune tena, utaona mnanaa unarudi.

Bazoka na bigijii nazipitia haraka. Jojo ya kupuliza puto ilipatikana mwaka 1928 Philadelphia, kwenye kampuni ya Fleer, na aliyeipata alikuwa mhasibu wa kampuni, Walter Diemer, akijaribu michanganyiko nje ya kazi yake. Rangi ya waridi aliichagua kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo karibu, na jojo za kupuliza zimebaki na rangi hiyo. Bazooka ni chapa ya kampuni ya Topps ya Brooklyn, iliyotoka mwaka 1947. Neno lenyewe lilikuwa jina la ala ya muziki ya mchekeshaji Bob Burns, kisha wanajeshi wa Marekani wakalitumia kuita bomba lao la kurushia roketi. Kwetu jina la chapa liligeuka likawa jina la kitu, kama ilivyotokea kwa bigijii na PK, na mteja anayesema bazoka hamaanishi Topps. Mpe unayoiuza.

Wrigley mwenyewe alifariki mwaka 1932. Kampuni ilibaki mikononi mwa ukoo hadi mwaka 2008, iliponunuliwa na kampuni ya Mars kwa dola bilioni 23 hivi. Katikati hapo kuna tarehe moja ninayoipenda, kwa sababu inahusu kaunta ya duka: tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi moja mjini Troy, Ohio, bidhaa ya kwanza kabisa kupitishwa kwenye mashine inayosoma ile mistari myeusi ya bei ilikuwa pakiti ya Juicy Fruit. Watu walitaka kuona kama mistari ingesomeka kwenye kitu kidogo kiasi kile, na ilisomeka. Afrika Mashariki kampuni ina kiwanda chake Kenya, na ukisoma ubavu wa boksi utaona jojo zako zimetoka wapi.

Tumalize na boksi lako linaloshikana, maana hilo linakula mtaji.

Vitu viwili vinafanya kazi kwa pamoja, joto na unyevu. Mpira wa jojo umepangwa ulainike kwenye joto la mdomo, nyuzi 37 hivi. Rafu ya juu kabisa, chini ya bati lisilo na dari, mchana wa Januari hufika huko bila shida. Unyevu nao unaingia kwa sukari. Sukari ya unga na sharubati ya glukosi hunyonya maji ya hewani, na Mikindani hewa ina maji mwaka mzima, hasa Desemba hadi Aprili mvua zikiwapo. Uso wa jojo unakuwa shira nyembamba, unalowesha karatasi. Siku hewa ikikauka kidogo, shira ile inaganda. Hapo karatasi na jojo vimekuwa kitu kimoja. Ukiona punje za PK zina madoadoa meupe na ganda lake limekuwa laini, zimepitia njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo ziteremshe kutoka juu. Rafu ya kati ndiyo nzuri, wala si sakafuni, kwa kuwa saruji hupitisha unyevu na boksi la karatasi huunyonya. Acha nafasi ya kiganja kati ya boksi na ukuta, hasa ukuta unaopigwa na jua la jioni. Katoni ambayo hujaifungua iache ilivyo na nailoni yake. Ukishaifungua, zitie kwenye ndoo ya plastiki safi yenye mfuniko unaobana, na utoe za kuuza siku hiyo tu. Vile vifuko vidogo vyenye chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya husaidia, viwili au vitatu ndani ya ndoo, mradi vibaki nje ya pakiti na watoto wasivishike. Baada ya miezi kadhaa huwa vimeshiba maji na havina kazi.

Friji usiitumie. Watu wengi huipenda kwa kuwa jojo hutoka ngumu na nadhifu, lakini ukiitoa kwenye baridi na kuiweka kwenye hewa ya huku, maji hujikusanya juu yake kama jasho kwenye chupa ya soda, na ndani ya siku mbili hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kama ni lazima, kwa mfano unapohamisha mzigo, itoe ikiwa bado ndani ya ndoo iliyofungwa na uiache saa tatu kabla ya kufungua.

Na kuwa makini na majirani wa rafuni. Mpira wa jojo hunyonya harufu kama siagi inavyonyonya. Ikikaa mwezi mmoja kando ya mafuta ya taa, sabuni ya unga au dagaa, mteja ataionja harufu hiyo hata kama karatasi haijafunguka. Sabuni ndiyo hatari kubwa kwa maduka madogo, kwa sababu hukaa nayo rafu moja.

Mahali kama Mtwara na Lindi kuna jambo jingine ambalo mteja anaweza kulileta kama malalamiko: jojo imevunjikavunjika mdomoni, imekuwa kama uji. Muulize alikuwa anakula nini. Mara nyingi ni korosho au karanga za kukaanga. Mafuta huulainisha mpira wa jojo kupita kiasi mpaka unaachana. Jojo haina kosa. Tabia hiyo hiyo inakusaidia jojo ikinasa kwenye nywele za mtoto: paka mafuta ya nazi, subiri dakika chache, ivute kwa vidole. Kwenye nguo tumia barafu kwanza, ikigandana ibandue, halafu alama iliyobaki uitoe kwa mafuta kidogo na sabuni. Na mzazi akija na hofu kwamba mtoto amemeza, mwambie itatoka kwa njia ya kawaida baada ya siku kadhaa. Ile habari ya kukaa tumboni miaka saba si kweli. Kinachohitaji daktari ni mtoto mdogo aliyezoea kumeza nyingi kila siku na sasa hapati choo.

Unaponunua kwa jumla, chukua boksi linalokwisha ndani ya wiki mbili au tatu, hata kama katoni nzima ina punguzo. Andika kwa kalamu tarehe uliyolipokea juu ya boksi, na la zamani liuzwe kwanza. Kabla ya kulipa, toa pakiti moja katikati ya boksi, si ya juu. Ya vipande bapa ikunje: mpya hupinda, iliyozeeka hukatika kama biskuti. Ya PK itikise karibu na sikio. Ikilia kwa kugongana, ganda ni kavu. Ikikaa kimya, punje zimeshikana, mzigo huo umelala mahali penye unyevu kabla ya kukufikia, na hapo una haki ya kumrudishia msambazaji. Zile ulizonazo zilizokwisha shikana usizianike juani kwa kutumaini zitaachana. Jua litayeyusha sukari iliyobaki, na zikipoa zitagandana zaidi. Zitenge, na yeyote atakayezitaka mwambie wazi zilivyo.